Gari Limeshaoshwa, Sasa Tulikaushe Namna Gani?

Mwezi huu sitaandika juu ya mitihani wala karo. Nataka tuzungumze juu ya kitambaa cha kufutia gari. Najua wengine mtasema mwalimu amekosa maneno. Subirini kidogo. Kitambaa hicho kilitufikisha mimi na mama yangu mbele ya wazee wa kijiji, na kilikula pesa ya madaftari ya watoto wawili nyumbani kwetu.

Kuosha magari ni kazi ya vijana wengi hapa. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na kijana asiye na mtaji wa kufungua duka anaweza kuanza na ndoo mbili, sabuni na mikono yake. Ukipita Base Camp siku ya soko utawaona, wengine bado wanafunzi wa darasa langu la jioni. Wanaosha boda boda, wanaosha magari ya abiria yanayotoka Mbarara, wanaosha hata baiskeli. Mdogo wangu ana miaka 19 na ni mmoja wao.

Jumamosi moja alimletewa Toyota nyeusi na dereva mmoja anayebeba abiria. Aliliosha vizuri, mimi mwenyewe nilipita nikaona. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali. Alipomaliza kusuuza akaja mtu wa boda boda anayetaka kuoshewa haraka, basi akaliacha lile gari lijikaushe na jua. Aliporudi alikuta matone yamekauka, yameacha viduara vyeupe juu ya boneti, ile sisi Wakongo tunaita kapo. Akashtuka. Akachukua fulana yake ya zamani iliyokuwa juu ya jiwe, akaikung'uta, akasugua kwa nguvu mpaka viduara vikapungua. Dereva alikuja jioni, akalipa, akaondoka.

Kesho yake alirudi. Aliliegesha gari juani, akaniita: "Mwalimu, njoo uone." Boneti yote ilikuwa na mikwaruzo midogo ya mviringo, kama utando wa buibui. Kivulini huoni kitu, juani unaona kila mstari. Akasema, "Mdogo wako hakuniibia, lakini ameniharibia." Alitaka shilingi 150,000 za kupeleka gari kwa fundi likapigwe polishi. Tulikaa na wazee, tukakubaliana 80,000, mara nne. Mama alilipa mara mbili za kwanza kutoka pesa ya shule.

Mdogo wangu aliniuliza, "Yaya, mimi niliosha vizuri. Nimekosea wapi?" Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nilianza kuulizauliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza nilienda kwa fundi mmoja wa rangi, papa aliyejifunza kazi yake Bukavu. Alinieleza kwamba rangi ya gari si kitu kimoja. Chini ni bati, juu yake rangi ya kushikilia, halafu rangi yenyewe unayoiona, na juu kabisa kuna vanishi isiyo na rangi. Hiyo vanishi ndiyo inayong'aa. Ikitoka kiwandani kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Na magari mengi ya huku yalishatumika Japani miaka mingi kabla ya kufika Uganda, kwa hiyo vanishi yenyewe imeshapunguka. Ukiikwaruza, dawa ni kuipunguza tena kwa polishi mpaka iwe sawa na ule mkwaruzo. Haitaongezeka. Polishi moja, mbili, tatu, halafu imekwisha na rangi inaanza kupauka.

Sasa kinachokwaruza ni nini? Si kitambaa peke yake. Ni mchanga ulioko katika kitambaa. Chembe ya mchanga ina nguvu ya kukwaruza hata kioo, sembuse vanishi. Fulana ya mdogo wangu ilikuwa juu ya jiwe, kando ya barabara ya mavumbi. Kuikung'uta hakusaidii, kwa sababu chembe ndogo zinabaki ndani ya uzi. Ukisugua na kitambaa hicho ni kama unasugua na msasa laini.

Wale mliotoka Goma mtanielewa upesi. Baada ya mlima Nyiragongo kulipuka mwezi wa kwanza wa mwaka 2002, lava ilifunika sehemu ya mji, na mavumbi ya mawe yale meusi ni makali. Papa yangu aliendesha teksi pale mpaka tulipotoka mwaka 2012. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka jinsi alivyokuwa mkali: hakuna kugusa gari likiwa kavu, hata kwa kidole. Nilifikiri anajivuna tu na gari la watu. Kumbe alikuwa anajua.

Jambo la pili ni vile viduara vyeupe. Hapa nilifanya jaribio na watoto wa darasani, na ninyi wazazi mnaweza kulifanya nyumbani bila kununua kitu. Chukueni kipande cha kioo au mfuniko mweusi wa sufuria uliosafishwa vizuri. Wekeni tone la maji ya bomba, pembeni tone la maji ya ziwa, pembeni tena tone la maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja angani, si ya kutoka kwenye bati. Acheni juani. Yakikauka, tone la mvua karibu halionekani. Yale mengine yanaacha alama, na la ziwa ndilo linaloacha nyingi zaidi, maana lina udongo pia.

Sababu yake ni hii. Maji yaliyopita ardhini yanabeba chumvi za mawe zilizoyeyuka ndani yake, zaidi ni za chokaa. Ni zile zile zinazoacha ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Jua linachukua maji, halichukui chumvi. Chumvi inabaki pale pale tone lilipokuwa, na juu ya bati la moto inashika kwa nguvu. Kwa hiyo wale wanaosema "acha jua likaushe, ni bure" wanajidanganya. Jua ni fundi mbaya wa kukausha gari, na kwa gari jeusi ndiyo kabisa, kwa sababu lina moto zaidi.

Na wale wanaosema "tulipeleke barabarani, upepo utakausha"? Barabara zetu mnazijua. Gari lenye maji likipita Base Camp wakati wa kiangazi linarudi limepakwa matope mepesi kuanzia bampa mpaka madirishani. Hiyo njia ni ya nchi ya lami, na hata huko madoa ya maji yanabaki.

Basi lazima tufute. Swali ni kufuta na nini. Yule fundi wa rangi alitupa boneti moja kuukuu, nyeusi, ya gari lililokufa zamani. Tuliigawa kwa utepe sehemu tano, tukaiosha, kila sehemu tukaikausha kwa kitu chake. Tulirudia siku nyingi, kisha tukaitazama juani na usiku kwa tochi.

Fulana na nguo za zamani. Hizi ndizo tunazo wote. Pamba inanyonya maji, sikatai, lakini fulana ni nyepesi, inalowa haraka na ikishalowa inasukuma maji tu. Tena ina mishono, vifungo, na zile picha za plastiki kifuani. Sehemu yake ilikuwa na mistari mingi kuliko zote. Kitenge ndiyo kibaya zaidi, hasa kipya, kwa sababu hakinyonyi. Akina mama, tafadhali msiwape vijana vitenge vilivyochakaa mkidhani mnawasaidia kazi. Fulana ya pamba ibaki kwa matairi, rimu na sehemu za chini.

Taulo la kuogea la pamba. Hili ni afadhali sana. Lina manyoya, na manyoya yanaipa chembe ya mchanga pahali pa kuingia badala ya kubanwa juu ya rangi. Likiwa nene, safi, na halina utepe mgumu wa pembeni, linafanya kazi nzuri. Ubaya wake ni kwamba linaacha nyuzi nyeupe, na likizeeka linakuwa gumu. Kijana anayeanza bila pesa, nitamwambia aanze na taulo la mtumba. Akate ule utepe mgumu, apinde ukingo kwa uzi laini. Hakuna aibu hapo.

Mpira wa kufutia maji, ule wenye mkono kama wa kufutia vioo vya duka. Wenzetu wengi wanaupenda kwa sababu ni wa haraka, na maji yanaondoka kwa mkupuo mmoja. Kwenye kioo mimi naukubali, kioo ni kigumu. Kwenye rangi hapana. Chembe moja ikishikwa chini ya ule mpira inachora mstari mmoja mrefu kutoka juu mpaka chini. Sisi tulipata mstari huo siku ya pili tu. Vijana wakabisha kwamba ni bahati mbaya. Bahati mbaya ya namna hiyo inalipwa shilingi 80,000.

Ngozi laini, ile madereva wa Kongo wanaiita podeshamwa. Papa yangu alikuwa nayo moja, aliitunza kama kitambulisho. Jina linatokana na mbuzi wa milimani Ulaya, lakini siku hizi nyingi zinatengenezwa kwa ngozi ya kondoo iliyolainishwa na mafuta ya samaki. Haitumiwi ikiwa kavu: unailowesha, unaikamua kabisa, halafu ndipo inavuta maji vizuri ajabu. Inadumu miaka ukiitunza. Lakini haina manyoya, kwa hiyo gari likiwa halikusuuzwa vizuri, ngozi inaukokota mchanga juu ya rangi. Tena ya kweli ni ghali na sokoni kuna za bandia za plastiki. Za bandia si mbaya, zinanyonya, ila nazo hazina manyoya.

Kitambaa cha maikrofaiba. Hiki ndicho kilichoshinda, na nitaeleza kidogo kwa nini. Kimefumwa kwa nyuzi za polista na poliamidi zilizopasuliwa mpaka kila uzi uwe mwembamba mara nyingi kuliko unywele. Kati ya nyuzi hizo kuna nafasi ndogondogo zisizohesabika, na maji yanapanda humo yenyewe, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Huna haja ya kukandamiza. Unakilaza, unakivuta polepole, maji yameingia. Na mchanga kidogo ukibaki, unazama katika manyoya, haubanwi juu ya vanishi.

Lakini muwe macho sokoni, kwa sababu si kila kitambaa cha njano chenye manyoya ni cha kweli. Kipitishe juu ya kiganja: cha kweli kinashikashika kwenye ngozi ngumu ya mkono, kama kinang'ang'ania. Mwombe muuzaji maji kidogo mezani, ukiburute kitambaa juu yake. Cha kweli kinayanywa, cha uongo kinayasukuma mbele. Chagua kizito na chenye manyoya marefu. Kile chembamba na laini bila manyoya ni cha vioo. Na kabla ya kukitumia mara ya kwanza kifue, kisha kata kale kakaratasi kagumu ka kiwanda, maana kenyewe kanakwaruza.

Hapa nataka kusema jambo ambalo vijana wa Base Camp walinibishia sana. Walidhani nikishawaambia "maikrofaiba" maneno yamekwisha, wanunue kimoja kikubwa cha bei, basi. Mimi nasema kitambaa kimoja cha bei kilichoanguka chini mara moja ni kibaya kuliko taulo tatu za mtumba zilizo safi. Mdogo wangu sasa ana vinne: viwili vya rangi, kimoja cha vioo, na kimoja cha milango kwa ndani. Cha matairi ni fulana ile ile ya zamani, na imefungwa fundo ili isichanganywe. Kitambaa cha rangi kikianguka chini, hata kama ni sekunde moja, hata kama mteja ana haraka, hakirudi kwenye rangi siku hiyo. Kinaenda matairini au kinaenda kufuliwa.

Basi kazi yenyewe inaendaje?

Inaanza kabla hujashika kitambaa. Sogeza gari kivulini, chini ya mti au hema, na uache bati lipoe. Ukiweka mkono juu ya boneti na ukasikia moto, bado. Baada ya sabuni, suuza sana, kwa sababu sabuni ya unga ikibaki inaacha ukungu, na ukiifuta ikiwa na mchanga umerudi kwenye hadithi yangu ya mwanzo. Halafu weka akiba nusu jerikani ya maji safi kabisa, ya mvua kama unayo. Chukua jagi, anzia juu ya paa, mimina polepole karibu na bati, usirushe. Maji yakishuka pamoja kama shuka yanavutana, yanaondoka na matone mengi yaliyobaki. Ukirusha kwa nguvu unatengeneza matone elfu, na kila tone ni kazi ya mkono. Jambo hili dogo lilitupunguzia kufuta karibu nusu, na halitaki shilingi hata moja.

Sasa shika kitambaa. Anza na paa, halafu vioo, boneti, buti, kisha milango, chini mwisho. Juu kwenda chini, kwa sababu uchafu uko chini. Kwenye paa na boneti, tandaza kitambaa chote kama unatandika kitanda, ushike pembe mbili, ukivute kuelekea kwako bila kubonyeza. Uzito wake mwenyewe unatosha. Milangoni, kikunje mara nne utumie upande mmoja, kikilowa geuza upande mwingine. Vuta kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Kikikwaruza, mstari mmoja ulionyooka hauonekani sana kama miviringo, na fundi anauondoa kwa urahisi zaidi. Kikilowa sana, kikamue mbali na gari.

Usifurahi mapema. Fungua milango yote, buti na mfuniko wa tangi la mafuta. Humo maji yanajificha, halafu yanatiririka dakika kumi baadaye juu ya rangi uliyokwisha kuifuta. Futa kingo za milango, tazama na chini yake, kuna vitobo vidogo vya kutolea maji. Vikizibwa na matope maji yanalala ndani ya mlango na kutu inaanza ambapo hakuna anayeona. Nyuma ya vioo vya pembeni na kwenye namba ya gari, bonyeza kitambaa kidogo maji yatoke.

Mwisho mwambie dereva kwamba breki zimelowa. Hili watu wanalisahau, na ni la hatari kuliko doa lolote. Breki zenye maji zinaweza kushika vibaya mwanzoni. Akitoka, aende polepole na akanyage breki kidogo kidogo mara kadhaa pasipo watu ili zikauke. Na gari likilala na breki zenye maji, asubuhi diski zinakuwa na kutu nyepesi ya rangi ya chungwa, ambayo kwa kawaida inaondoka yenyewe akishatembea.

Kwa boda boda mambo ni mafupi. Injini ya moto msiimwagie maji ya baridi, subirini ipoe. Kausheni kiti, taa na swichi, halafu cheni. Cheni ikikaushwa lazima ipakwe oili, la sivyo mmeiosha ili ishike kutu.

Na kama viduara vyeupe vimeshatokea? Mdogo wangu angejua hili tusingelipa kitu. Usisugue. Osha tena sehemu ile, kivulini. Kama havitoki, changanya siki nyeupe na maji safi nusu kwa nusu, lowesha kitambaa laini, kiweke juu ya doa muda mfupi, futa taratibu, kisha suuza kwa maji mengi kabla siki haijakauka. Ukali wa siki unayeyusha ile chokaa. Madoa yaliyokaa majuma mengi yanaweza kuwa yameshaila vanishi, hayo ni ya fundi.

Sasa nawageukia nyumbani, kwa sababu vitambaa hivi vinalala kwetu na vinafuliwa na mama zetu na dada zetu. Visifuliwe pamoja na nguo za pamba, vinaokota nyuzi zake. Vifuliwe kwa sabuni ya maji kidogo au sabuni laini, visuuzwe sana. Zile dawa za kulainisha nguo na kuzinukisha zisiwekwe kabisa, zinapaka nyuzi mafuta na kitambaa kinaacha kunywa maji. Visichemshwe, visipigwe pasi, maana ni aina ya plastiki na nyuzi zinaungua. Visianikwe juu ya majani wala ukutani, ni kwenye kamba, mbali na barabara. Vikikauka viingie ndani ya mfuko uliofungwa. Mama yangu alinung'unika wiki ya kwanza: "Kitambaa cha gari kinapata kamba yake, na shuka zangu ziko kwenye majani?" Nilinyamaza. Wiki iliyofuata alikuta mtoto wa jirani anapangusa pua na maikrofaiba, akamfukuza yeye mwenyewe.

Jambo moja la maji. Kuna vijana wanaopeleka magari na pikipiki mpaka ukingoni mwa Ziwa Nakivale ili wasibebe majerikani. Naelewa uchovu wao. Lakini maji ya bomba tunayokunywa yanatoka katika ziwa hilo hilo kabla ya kusafishwa, na oili na petroli si vitu vya kuongeza mle. Tena kwa kazi yenyewe haifai: maji ya pale yana udongo, ukisuuza nayo umerudisha mchanga juu ya rangi. Osheni mbali na ziwa. Na msichote kwenye bomba wakati foleni ya akina mama ni ndefu, mnatuletea ugomvi usio wa lazima. Kingeni mvua. Bati moja na pipa moja wakati wa masika vinatosha magari mengi, ila maji ya mwanzo yamwageni, yanaosha mavumbi ya bati.

Mtauliza vile vitambaa vinne tulivipataje wakati tunadaiwa. Mama alikopa katika kikundi chake cha akiba. Walimcheka kwanza, kwamba mtoto ameharibu gari na mama anaongeza deni. Alijibu kwamba mtoto akiacha kazi hilo deni la kwanza litalipwa na nani. Wakampa.

Yule dereva tulimaliza kumlipa mwezi uliopita. Sikutegemea kumwona tena, lakini Jumamosi iliyopita alikuja na gari lile lile, limepigwa polishi. Hakuketi kwenye benchi kama wateja wengine. Alisimama karibu na ndoo, mikono nyuma, tangu mwanzo mpaka mwisho. Wakati wa kufuta mlango wa pili, upepo ulichukua kitambaa kikaanguka chini. Mdogo wangu alikiangalia, akamwangalia dereva, kisha akakitupa kwenye ndoo ya vichafu akatoa kingine mfukoni. Dereva hakusema neno. Alipolipa alimwambia, "Jumamosi ijayo, kijana, saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali."

Wanaotaka kuona namna ya kufuta, waje darasani kwangu Jumatano jioni baada ya masomo. Ile boneti nyeusi bado iko, na mistari yake yote. Njooni na kitambaa mnachotumia sasa, tukitazame pamoja.